Acheni Redio Ichekeshe Jioni

Siku hizi ukisema mbele za watu kwamba jioni, ukiwa kwenye foleni ya kurudi nyumbani, unafungulia kipindi cha vichekesho redioni, utaonekana mtu asiyejitambua. Wahamasishaji wa semina za mafanikio wamekwisha kutoa hukumu: gari lako ni darasa, na saa mbili za foleni ni za kusikiliza kitabu cha biashara, kunoa Kiingereza na kufuatilia mambo ya hisa na hati fungani. Wenye kujali maadili wanasema vipindi hivyo vimejaa matusi ya rejareja na havifai kusikika kwenye gari lenye watoto. Wachambuzi wa siasa nao wana lao: wananchi wanachekeshwa ili wasahau bei ya mafuta na unga. Makundi haya matatu hayakubaliani katika mengi, lakini hapa yanakutana. Kichekesho cha redio, wanasema, ni upuuzi, na mtu mzima mwenye akili zake angebadilisha stesheni.

Mimi nakataa. Nasema saa ya kurudi nyumbani ndiyo inayohitaji kichekesho kuliko saa yoyote ya siku. Nasema kazi kinayoifanya haiwezi kufanywa na taarifa ya habari wala semina. Na nasema uchafu tunaoulalamikia, ambao upo kweli, umezaliwa na dharau hiihii inayohubiriwa. Tumekiita kichekesho takataka kwa muda mrefu, kwa hiyo hakuna anayekigharamia, kisha tunashangaa kwamba kinanuka.

Nianze na hawa wanaosema gari ni darasa, maana sauti yao ndiyo kubwa na ndiyo inayosikika kama hekima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha kazi ya kawaida kuwa saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki. Safari ya kwenda na kurudi haimo katika hesabu hiyo. Mtu anayekaa Mbagala, Tegeta, Kimara au Gongo la Mboto na kufanya kazi Posta, katikati ya Dar es Salaam, anaondoka gizani ili kukwepa foleni ya asubuhi, na ile ya jioni haikwepeki. Yamejengwa madaraja ya juu ya Tazara na Ubungo, mabasi ya mwendokasi yameanza tangu 2016, barabara zimepanuliwa, na bado magari yanasimama. Nairobi wana barabara ya kulipia yenye urefu wa kilomita 27 tangu 2022, na chini yake, kwenye Barabara ya Mombasa, wasio na ada ya kupita juu wanasogea hatua kwa hatua. Saa hizo za barabarani zimekwisha kukatwa kwenye usingizi wa mfanyakazi na kwenye muda wa watoto wake, bila malipo yoyote. Sasa anakuja mhamasishaji, anaona kipande kilichobaki, naye anakitaka.

Dai lililojificha humo ni zito kuliko linavyotamkwa. Linasema muda wa mtu hauna thamani mpaka uzalishe kitu, na kwamba anayepumzika lazima ajieleze. Hatukulelewa hivyo. Wazee wetu walilima kwa nguvu zao zote, na jua lilipozama walikaa barazani wakapiga soga, wakategeana vitendawili, wakataniana, na hakuna aliyewaita wavivu. Leo baraza hilo limehamia barabarani kwa sababu jioni yenyewe imehamia barabarani. Anayemwambia dereva wa Toyota IST iliyokwama Mwenge kwamba asicheke, asome, anamnyang'anya baraza lake la mwisho.

Tena somo lenyewe haliingii. Akili iliyoshindia hesabu, wateja na maagizo haina mahali pa kuweka kanuni kumi za utajiri. Utasikiliza sura nzima ya kitabu cha sauti kutoka Magomeni hadi Ubungo, na ukifika Kimara huna sentensi moja uliyobaki nayo, isipokuwa hisia kwamba wenzako wanakuacha nyuma. Hisia hiyo haijengi mtu. Inamwongezea mzigo aliokuwa nao tayari.

Na kama ni mafunzo tunayoyatafuta, historia yetu ya redio inaonyesha njia ambayo watu hufundishika. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa redio kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, ambao mhusika wake aliyekaa vinywani mwa watu alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo. Watafiti waliacha eneo la Dodoma bila mchezo huo hadi 1995 ili walinganishe, na wakaona tofauti katika mwenendo wa uzazi wa mpango kati ya maeneo yaliyousikia na lile ambalo halikuusikia. Ule haukuwa uchekeshaji mtupu, lakini ulijengwa juu ya kitu ambacho uchekeshaji unakijua vizuri: msikilizaji anamfuata mtu mwenye tabia, anamcheka, anamwonea aibu, na hapo ndipo anajitazama. Mihadhara mingapi ya miaka ile inakumbukwa leo? Mkwaju anakumbukwa.

Hata hivyo sitaki utetezi wangu usimame juu ya mafunzo. Kichekesho hakihitaji kubeba somo ndipo kiruhusiwe kupita. Kina kazi yake yenyewe, na kazi hiyo ni kumtoa mtu kazini.

Kufunga mlango wa ofisi hakumtoi mtu kazini. Karani aliyefokewa na mteja mbele ya foleni ya watu, muuguzi aliyemaliza zamu katika wodi ya wazazi, mwalimu aliyeshinda na darasa la watoto waliosongamana, fundi aliyedhulumiwa ujira, wote wanaondoka na maneno yakiwazunguka kichwani. Wanajibu kimoyomoyo majibu ambayo hawakuyatoa mchana. Wanapanga ugomvi wa kesho. Wakifika nyumbani wakiwa bado katika hali hiyo, anayewapokea ni mtoto mwenye daftari la hesabu au mwenzi mwenye swali la kawaida kuhusu gesi iliyoisha, na ndiye anayeangukiwa na hasira isiyo yake. Kila mtu mzima anaijua nyumba ya namna hiyo. Wengi wetu tumekulia humo.

Kichekesho kizuri kinakata mzunguko huo kwa jinsi kilivyoundwa. Ili ucheke, lazima ufuate habari ya mtu mwingine, ujenge matarajio, uamini kwamba unajua mwisho, halafu mwisho ukugeukie. Huwezi kuyafanya hayo huku ukiendelea kutafuna kauli ya bosi. Taarifa ya habari haina uwezo huo, maana mara nyingi inakuongezea mabosi wengine wa kuwakasirikia. Muziki unafariji, lakini unaweza kuchezwa huku mawazo yakiendelea na njia yake. Kichekesho kinadai akili nzima kwa muda mfupi, kisha kinairudisha ikiwa nyepesi.

Kuna jambo lingine. Robert Provine, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza kicheko kwa miaka mingi, aliona kwamba watu hucheka takriban mara 30 zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao bila redio wala televisheni. Kicheko ni cha watu wawili na kuendelea. Sasa mtazame dereva aliye peke yake ndani ya gari lake, vioo vimepandishwa, na pande zote kuna wengine walio peke yao vivyo hivyo. Sauti mbili zinazotaniana redioni zinampa wenzi. Katika daladala jambo hilo linaonekana waziwazi: abiria wasiojuana, waliokuwa wakisukumana mlangoni kituoni Kariakoo, wanacheka pamoja kwa neno moja, konda anaongeza lake, na ghafla kila mmoja anamwona jirani yake kuwa mtu. Sijui semina iliyowahi kufanya hivyo kwa nauli ya daladala.

Wanaosema kicheko hakifai pale penye uzito wamesahau mila zetu. Nchi hii ina utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, na leo ni watani. Wazaramo ni watani wa Wanyamwezi, Wachaga ni watani wa Wapare, na babu ni mtani wa mjukuu wake katika makabila mengi. Mtani hana kazi kubwa siku za sherehe. Kazi yake kubwa iko msibani. Wakati wafiwa wamezidiwa, yeye ndiye anayeruhusiwa kuigiza mwendo na sauti ya marehemu, kudai alipwe deni la kubuni kabla maziko hayajaendelea, kuwakejeli ndugu mpaka aliyekuwa akilia anacheka huku machozi yanamtoka. Tena huyohuyo ndiye anayesaidia kazi nzito za msiba. Hakuna anayemwambia kwamba anafanya upuuzi, kwa kuwa kila mtu anaelewa kwamba moyo ukibanwa upande mmoja tu utapasuka. Mababu zetu walikiweka kicheko katika saa ngumu kuliko zote. Sisi tunakionea haya kwenye foleni.

Niwageukie sasa wanaosema kicheko kinawalaza wananchi. Nawaheshimu hawa kuliko wale wa mwanzo, kwa sababu wanachokijali ni nchi. Lakini ushahidi hauko upande wao. Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana watatu wa kundi la Redykyulass, John Kiarie, Walter Mong'are na Tony Njuguna, walimwigiza Rais Daniel arap Moi kwenye televisheni akiwa bado madarakani, katika nchi ambayo miaka michache kabla watu walikuwa wakigeuka nyuma kabla ya kulitaja jina lake. Mong'are, aliyejulikana kama Nyambane, aliuhamishia utani wake redioni, Kiss 100. Hakuna aliyelala kwa sababu yao. Walichokifanya ni kupunguza hofu, na hofu ikipungua hairudi kirahisi.

Tanzania, Mei 2020, mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya kusambaa video iliyomwonyesha akiangua kicheko kwa picha ya zamani ya rais wa wakati huo. Hakuhutubia, hakuandamana. Alicheka. Kama kicheko kingekuwa dawa ya usingizi kwa raia, wenye mamlaka wangekinunua kwa jumla na kukigawa bure. Wenye mamlaka wanajua nguvu yake kuliko wachambuzi wetu.

Waingereza wanalijua hilo vizuri. Mwaka 1939, vita kuu ilipoanza, BBC ilikuwa na kipindi cha vichekesho kiitwacho It's That Man Again, na nyota wake Tommy Handley aliigiza waziri wa wizara ya kubuni ya Kero na Mafumbo, akiwacheka warasimu wa serikali yake mwenyewe vita ikiendelea. Taifa hilo halikusinzia. Lilifanya kazi, likapigana, likacheka kila wiki. Handley alipofariki Januari 1949 ibada ya kumbukumbu yake ilifanyika katika Kanisa Kuu la St Paul's, London, mahali wanapokumbukwa majemadari. Watu waliopitia vita walijua wanadaiwa nini na mtu aliyewachekesha.

Nakubali kipo kicheko cha kibaraka. Wapo wachekeshaji wanaopanda jukwaa la kampeni kumsifu aliyewalipa na kumdhihaki mpinzani wake, na kipo kipindi cha redio ambacho mwaka mzima hakimgusi mkubwa hata kwa ukucha, lakini kila siku kinamcheka mama ntilie, mlinzi, mtu wa bara anayetamka vibaya na mwanamke mnene. Huo ni uoga uliovaa nguo za ucheshi. Dawa yake ni kuuliza swali moja kila kipindi kinapokwisha: nani amechekwa hapa? Ukiona siku zote anayechekwa ni mnyonge, lalamika, na mimi nitalalamika nawe. Usitumie kosa hilo kuizima redio ya kila mtu.

Wapo pia wanaoleta hoja ya usalama, kwamba dereva anayecheka anasahau barabara. Hoja hii inastahili jibu la moja kwa moja kwa kuwa barabara zetu zinaua. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ya mkononi yuko kwenye hatari ya kupata ajali takriban mara nne zaidi ya asiyeitumia. Simu inamtaka dereva ajibu, aangalie, abonyeze. Redio haimtaki afanye chochote. Pikipiki ikikatiza mbele yake, anaacha kusikiliza papo hapo, na watangazaji hawakasiriki kwa kutosikilizwa. Tena jioni dereva anaisikiliza redio penye foleni, ambako hatari inatokana pia na uchovu na hasira: anayechomekea, anayepita pembeni, anayeteremka kumpiga mwenzake ngumi kwa kioo cha pembeni kilichokwaruzwa. Mtu aliyecheka dakika moja iliyopita anamruhusu mwingine aingie mbele yake. Nimeliona hilo mara nyingi, na yeyote anayeendesha gari mijini amelishuhudia pia.

Zaidi ya hayo, anayemnyang'anya dereva redio hatampata akiwa kimya. Atampata akiwa na klipu za TikTok juu ya usukani. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema redio imepitwa na wakati, kwamba kila mtu sasa ana kichekesho chake mfukoni. Kichekesho cha simu kinadai macho, na dereva hana macho ya kukipa. Kinachaguliwa kwa ajili ya mtu mmoja, kwa hiyo hakuna atakayekutana nacho kesho kazini aseme, umesikia jana? Redio inasema neno moja kwa mji mzima kwa wakati mmoja. Sauti za jioni zinakuwa za nyumbani. Ephraim Kibonde na Gardner G. Habash walijulikana na wakazi wa Dar es Salaam kupitia Jahazi, kipindi cha jioni cha Clouds FM, na walipofariki, mmoja Machi 2019 na mwingine Aprili 2024, walioomboleza walikuwa wengi ambao hawakuwahi kuwaona uso kwa uso. Walikuwa wamerudi nao nyumbani kwa miaka.

Sasa nije kwenye shutuma iliyo kweli, ile ya uchafu. Fungua redio saa 11 jioni na utaipata: utani wa chumbani unaozunguka hapohapo, simu za kumdanganya mke wa mtu kwamba mumewe amefumaniwa, lafudhi ya kabila fulani kugeuzwa kuwa ndiyo kichekesho chenyewe, klipu za WhatsApp zilizokwisha kuchakaa, na kicheko cha mashine kila baada ya sentensi. Wenye kujali maadili wanayakataa hayo na wana haki. Tatizo ni hitimisho lao, kwamba hiyo ndiyo asili ya kichekesho cha redio.

Asili yake kwetu ni nyingine. Radio Tanzania ilikuwa na vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi, na familia nzima, bibi mpaka mjukuu, ilikaa kuzunguka redio moja ya betri bila mtu yeyote kulazimika kuinama kwa aibu. Kenya, mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alianzisha kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966 na akakiendeleza kwa zaidi ya nusu karne. Alipofariki Februari 2025 jina la kipindi lilikuwa limekuwa msemo wa kila siku. Kipindi hicho kilichukua tabia ndogondogo, za namna ya mtu anayekula ugenini bila kukaribishwa, anayesoma gazeti la jirani begani mwake, anayeongea mdomo umejaa, na kikawafanya wasikilizaji wajicheke bila kutukanwa. Kiswahili kilitosha. Hakikuhitaji chumba cha kulala.

Nini kimebadilika? Tazama jinsi kipindi cha jioni kinavyotengenezwa katika vituo vingi. Wapo watangazaji wawili, wana kipaza sauti, laini ya simu na kompyuta yenye milio, nao wanatakiwa kuchekesha kwa saa tatu, siku tano za wiki, bila mwandishi hata mmoja. Hakuna binadamu anayeweza kazi hiyo kwa usafi. Utani ulioandaliwa unakwisha ndani ya robo saa ya kwanza, na baada ya hapo mtu aliyebanwa anashika kilicho karibu: mwili wa mwanamke, kabila la mwenzake, kitanda. Uchafu ni matokeo ya njaa ya maandishi. Na njaa hiyo haitokani na umaskini wa vituo. Saa za asubuhi na jioni ndizo zinazouzwa ghali zaidi kwa watangaza biashara, na kati ya kila mzaha na mzaha utasikia kampuni za kubashiri, za simu na za sabuni. Fedha zinaingia saa hiyohiyo ya kichekesho. Kinachokosekana ni uamuzi wa kumlipa anayekiandika, kwa sababu wenye vituo, wafadhili na wasikilizaji wote wamekubaliana kwamba kichekesho ni kitu cha bure.

Linganisha na Uingereza, ambako BBC Radio 4, stesheni ya watu wanaopenda mambo mazito, hutoa taarifa ya habari saa 12 kamili jioni na kuifuatisha na kichekesho saa 12:30, siku za kazi, watu wakiwa njiani kurudi nyumbani. Nusu saa hiyo inaagizwa kwa mkataba, waandishi wanalipwa, vipindi vingi vinarekodiwa mbele ya hadhira inayocheka kwa hiari yake. Just a Minute kilianza 1967, na kanuni yake ni nyepesi kuieleza na ngumu kuitimiza: zungumza juu ya mada uliyopewa kwa sekunde 60 bila kusita, bila kurudia neno, bila kutoka nje ya mada. Nicholas Parsons alikisimamia tangu mwanzo mpaka karibu na kifo chake mwaka 2020. I'm Sorry I Haven't a Clue kilianza 1972, kikiongozwa kwa miaka mingi na mpiga tarumbeta wa jazi Humphrey Lyttelton, na kimeendelea baada ya kiongozi huyo kufariki 2008. Vipindi hivyo vina mafumbo ya kikubwa ndani yake, lakini yamefumwa kwa ufundi kiasi kwamba mtoto kwenye kiti cha nyuma anacheka kwa sababu moja na baba yake kwa sababu nyingine. Waingereza hawana kipaji kikubwa cha kuchekesha kuliko sisi. Wana bajeti ya kuchekesha.

Kenya ilijaribu njia nyingine. Kanuni za vipindi vya utangazaji za mwaka 2016 zilitenga saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku kuwa muda ambao maudhui ya watu wazima hayaruhusiwi. Siipingi kanuni hiyo. Lakini katazo haliandiki mzaha hata mmoja. Ukimkataza mtangazaji asiyekuwa na mwandishi kusema machafu, unamwacha na ukimya, naye ataujaza kwa machafu yaliyofunikwa zaidi.

Tunachokidai kinawezekana kesho. Kila kituo kinachouza matangazo ya jioni kitenge robo saa tu kwa siku ya kichekesho kilichoandikwa, na jina la mwandishi litajwe hewani. Waandishi wapo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960, chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo kinatoa wasanii kila mwaka, na majukwaa ya vichekesho vya kusimama yamejaa vijana Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam wanaoandika kwa kujilipia nauli. Malighafi nayo ipo, na hakuna lugha inayotuzidi hapo. Tuna vitendawili vyenye mwito na majibu, vilivyo tayari kuwa mashindano ya redio. Tuna mchezo wa kinyume ambao watoto wa mwambao hugeuza silabi wakaongea mbele ya wazazi bila kueleweka. Tuna vijembe vya taarabu, ngonjera za majibizano, na utani wa makabila ambao ukiandikwa na mtani wa kweli unampandisha anayetaniwa badala ya kumshusha. Wape watu wanne werevu studio, hadhira na dakika 15 za Kiswahili cha aina hiyo, na tutaona kama kuna atakayetamani kitabu cha sauti cha kanuni za utajiri.

Redio za TBC ya Tanzania na KBC ya Kenya ziongoze, kwa kuwa ni za umma na hazina kisingizio cha mfadhili. Wafadhili wafuate: kampuni inayolipia saa ya jioni iweke sharti kwamba sehemu ya fedha zake imfikie mwandishi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wachezaji wetu tumewaacha wacheze mpaka wachoke, bila tuzo, halafu tunawatukana kwa kuchoka.

Na wewe unayerudi nyumbani leo, usione haya. Fungulia kichekesho chako, ucheke, ufike kwako ukiwa mtu anayeweza kusalimiwa na kusalimia. Kikiwa kizuri, mwambie mwenzako. Kikiwa kibovu, usizime redio ukaishia hapo. Ukifika salama, piga simu kituoni na uliza mwandishi wa kipindi hiki ni nani. Wakikwambia hayupo, waulize fedha za matangazo uliyoyasikia jioni nzima zimekwenda wapi.